Muda Bila Daftari

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Jumamosi iliyopita vijana watano waligombana sebuleni kwangu hapa Tunduma kwa sababu ya mwenge. Mwenge wenyewe haukuwapo. Hapakuwa na moto, hapakuwa na moshi, wala hapakuwa na kijiti cha kuwashia. Ulikuwa mwenge wa maneno, ndani ya pango la maneno, mkononi mwa askari wa maneno. Hata hivyo sauti zilipanda mpaka jirani yangu akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tumeingiliwa na wezi.

Naomba nieleze tangu mwanzo. Mpwa wangu yuko likizo kutoka chuoni. Amekuja na kitabu kinene, dadu za kila umbo, na mchezo ambao mwanzoni niliudhani ni ludo ya wasomi. Sivyo. Katika mchezo huu wachezaji huketi kuizunguka meza na mmoja wao huwa msimulizi. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake: huyu askari, yule mganga, mwingine mwizi aliyetubu, mwingine mfanyabiashara. Msimulizi husema, "Mmefika mbele ya pango. Ndani ni giza. Mnafanyaje?" Kila mchezaji hueleza mhusika wake anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka, dadu huamua. Hakuna anayetangazwa mshindi jioni. Hadithi huendelea Jumamosi hadi Jumamosi, pengine mwaka mzima.

Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuchapishwa na kuuzwa uliitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ukiwa vijitabu vitatu vidogo ndani ya kisanduku. Tangu hapo imezaliwa michezo mingi ya ukoo huo, ambayo sina haja ya kuitaja yote. Ninachotaka kuzungumzia leo ni ule ugomvi wa mwenge, kwa maana ndani yake mna jambo linalotuhusu sote, hasa sisi tunaoishi mpakani.

Ugomvi ulikuwa hivi. Wahusika waligawanyika. Askari na mganga waliingia pangoni na mwenge mmoja. Mwizi na mfanyabiashara walirudi mjini kuuza mali na kutibu majeraha. Mpwa wangu, ambaye ndiye msimulizi, akawa anakwenda huku na huku: dakika kumi anazungumza na wa pangoni, dakika kumi na wa mjini. Baada ya muda wale wa mjini wakasema, "Sisi tumelala usiku wa tatu, tumepona, tumenunua ngao. Sasa tunakuja pangoni kuwasaidia wenzetu." Wale wa pangoni wakaruka, "Mnakujaje? Sisi tumepita njia mbili tu. Hata mwenge haujaisha!"

Ndugu wasikilizaji, hebu tulipime jambo hilo kama mahakimu. Ikiwa kweli siku tatu zimepita, basi askari na mganga wako gizani tangu juzi, wana njaa na kiu, na huenda wamekwisha kufa. Ikiwa kweli mwenge ungali unawaka, basi wale wa mjini hawajalala hata usingizi wa mchana. Ama mwenge uliwaka siku tatu, ama siku tatu zilipita ndani ya saa moja. Yote mawili hayawezekani. Na mpwa wangu alipoulizwa kweli ni ipi, akakuna kichwa. Hakuwa ameandika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni mfanyabiashara wa siku nyingi, na methali hiyo naijua kwa machungu yake. Siku ile niliona kwamba na muda nao ni mali.

Pengine mtu atauliza: mbona bibi zetu walisimulia hadithi bila daftari, na hakuna aliyegombana? Ni kweli. Bibi akisema "akaenda, akaenda, akaenda," sisi watoto tulijua kwamba safari ilikuwa ndefu, basi. Zikiwa siku tatu au miezi mitatu, hatukujali. Lakini bibi alikuwa msimulizi peke yake. Muda wote ulikuwa kinywani mwake, naye aliweza kuufupisha na kuurefusha apendavyo. Mchezo huu wa mezani una vinywa vitano. Kila mmoja ana mwenge wake, jeraha lake, chakula chake na safari yake. Pale ambapo watu wengi wanatumia muda mmoja, lazima pawe na hesabu, la sivyo kila mmoja atahesabu ya kwake.

Nilimwomba mpwa wangu anieleze mchezo unavyohesabu muda, akanifungulia vitabu vyake. Nikaona kwamba kuna saa za aina tatu pale mezani, na aliyezichanganya ndiye anayeanzisha ugomvi.

Ya kwanza ni saa ya ukutani. Hiyo ndiyo inayowafanya vijana wasikie njaa na mama yao kuwaita kula. Haina mamlaka ndani ya hadithi. Ya pili ni saa ya hadithi, yaani muda unaopita kwa wahusika. Ya tatu ni hesabu ya zamu: nani amefanya nini, na sasa ni nani anayefuata. Kazi ya msimulizi ni kuigeuza hiyo ya tatu iwe ya pili.

Namna ya kuigeuza imo katika kanuni. Katika kanuni za zamani, wahusika wakiwa ndani ya pango, muda hukatwa vipande vya dakika kumi kumi. Nitaviita vipindi. Kukagua chumba kutafuta mlango uliofichwa ni kipindi. Kutembea taratibu kwa tahadhari huku mkichora ramani ni kipindi. Mwenge huwaka vipindi 6, ambavyo ni saa moja. Taa ya mafuta hudumu vipindi 24, yaani saa nne, kwa chupa moja. Na katika kila vipindi sita, kimoja ni cha kupumzika, maana mtu aliyebeba mzigo gizani huchoka.

Vita vikianza, hesabu hubadilika. Pale muda hukatwa vipande vidogo zaidi, nitakavyoviita mizunguko. Katika kitabu cha mwaka 1979 mzunguko mmoja ulikuwa dakika nzima. Katika kanuni zilizotoka mwaka 2000, na zilizofuata baadaye, mzunguko ni sekunde 6. Kwa hiyo mizunguko kumi ni dakika moja tu. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimewashuhudia vijana wale wakipigana na fisi wa maneno kuanzia saa tisa hadi karibu saa kumi na moja jioni. Saa mbili za ukutani zilikwisha, na ndani ya hadithi hata dakika moja haikutimia.

Wakiwa safarini ni kinyume chake. Msimulizi akisema, "Baada ya siku ishirini mkafika pwani," zimetoweka siku ishirini kwa pumzi moja. Lakini siku hizo ishirini zimekula chakula, zimeponya majeraha, zimepandisha mishahara ya wapagazi, na adui aliyeachwa nyuma amepata siku ishirini za kujipanga. Mwenye kusahau hayo amewapa wachezaji safari ya bure.

Gary Gygax aliliona tatizo hili mapema. Katika mwongozo wake wa wasimulizi wa mwaka 1979 alisisitiza, kwa herufi kubwa tupu, kwamba mchezo unaoendelea kwa muda mrefu hauwezi kuwa na maana kama kumbukumbu za muda hazitunzwi kwa ukali. Alipendekeza pia kwamba wachezaji wanapokuwa majumbani mwao, kila siku moja ya kweli ihesabiwe kuwa siku moja ya hadithi. Mkiachana Jumamosi na kukutana Jumamosi nyingine, wahusika wenu nao wamezeeka siku saba. Mwenye kidonda amepata siku saba za kukiuguza.

Wako waliopinga ukali huo. Walisema mchezo ni starehe, si ofisi ya uhasibu. Wakatafuta njia nyepesi. Katika mchezo uitwao Blades in the Dark, uliotungwa na John Harper na kuchapishwa mwaka 2017, msimulizi huchora duara na kuligawa vipande vinne, sita au nane. Jambo linalonyemelea, mathalani walinzi wanaoanza kushtuka, huwekewa duara lake. Kila kosa linapofanyika, kipande kimoja hupakwa wino. Duara likijaa, walinzi wamefika. Duara hilo halikuambii ni saa ngapi. Linakuambia umebakiwa na nafasi ngapi, na mara nyingi hilo ndilo mtu anataka kujua.

Nilipoliona duara hilo niliwaambia vijana, "Kumbe! Haya mambo sisi tunayo siku nyingi." Nikawaletea bao langu.

Tazameni bao la Kiswahili. Lina safu nne za mashimo manane, yaani mashimo 32, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Mwanzoni anapanga kete 10 ubaoni: sita katika nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Zilizobaki, kete 22, zinakaa mkononi. Awamu ya kwanza ya mchezo ni kunamua: kila zamu yako inapofika, unaingiza ubaoni kete moja kutoka mkononi. Zikiisha, kunamua kumekwisha, na mchezo unaingia katika mtaji, ambapo mnacheza kwa kete zilizomo ubaoni tu.

Sasa niambieni, zile kete za mkononi ni nini kama si saa? Hazipimi dakika. Mzee anaweza kufikiri robo saa kabla ya kuweka moja, na hakuna atakayemfukuza. Lakini kila mtazamaji akiangalia kiganja anajua mchezo umefika wapi. Kete kumi na tano: bado asubuhi. Kete tatu: jua linazama, jitayarishe kwa mtaji. Hakuna anayeweza kudai kwamba yeye bado yuko asubuhi wakati mwenzake yuko jioni, kwa sababu kila aliyetoa kete moja, mwenzake naye ametoa moja. Saa hiyo iko wazi mbele ya watu, na ndiyo maana haina ugomvi.

Michezo mingine ilichukua njia nyingine. Katika sataranji watu walichoka kumsubiri anayefikiri mpaka usingizi, na kwenye mashindano ya London ya mwaka 1883 wachezaji wakawekewa saa mbili za mitambo, kila mmoja na ya kwake, ya mmoja ikisimama wakati ya mwenzake inakwenda. Katika kandanda saa iko mkononi mwa refa peke yake, na ndiyo maana kila Jumapili mashabiki wanamlaumu kwa dakika za nyongeza. Saa iliyofichwa huleta lawama.

Basi tukafanya hivi. Mke wangu alikuwa ameanika mahindi uani. Nikawapa vijana punje sita na kuwaambia, "Huu ndio mwenge wenu." Kila kipindi cha dakika kumi kikipita pangoni, punje moja inaondoka mezani na kurudi kwenye bakuli. Na mpwa wangu akachukua daftari la shule, akapiga mistari mitatu: siku, saa, na kilichotokea.

Kisha ikabaki shauri la makundi mawili. Hapo kanuni ni nyepesi, ingawa inahitaji subira: aliyetangulia kwa saa ya hadithi hungoja. Mwizi na mfanyabiashara walikuwa wamekwisha kuishi siku tatu. Haikuwapasa kunyang'anywa siku zao. Iliwapasa kuketi kando, wanywe chai, mpaka wale wa pangoni wacheze na kuifikia siku ya tatu. Ndipo wakutane.

Ndugu wasikilizaji, punje zile zilibadilisha mchezo. Kabla ya hapo askari na mganga walikuwa wakizurura pangoni kama watu wanaotembea sokoni. Zilipowekwa punje, wakaanza kunong'ona. Punje ya kwanza ikaondoka. Ya pili. Ya tatu. Hapo ndipo walipopaswa kugeuka, kwa maana mwenge wa kwenda ndio mwenge wa kurudi. Lakini mganga aliona kitu kinang'aa mbele, akasema, "Kidogo tu." Punje ya nne ikaondoka. Walipogeuza nyuso zao nyuma, walikuwa na punje mbili mkononi na njia ya punje nne mbele yao. Sebule nzima ilinyamaza. Jirani yule yule wa ukutani alikuja akasimama mlangoni.

Walitembea nusu ya mwisho gizani, wakipapasa kuta. Dadu ilirushwa, mganga akateleza, akavunjika mguu. Askari alimburuta mpaka mlangoni mwa pango. Wakakaa hapo wakinywa maji ya mvua, na asubuhi ya siku ya tatu mwizi na mfanyabiashara wakawakuta. Hapakuwa na ugomvi tena. Kila mmoja aliona jinsi ilivyotokea, na kila mmoja alikubali kwamba ndivyo ilivyopaswa kutokea.

Jioni ile, vijana walipokwisha kuondoka, mpwa wangu alikuwa anatafuta kalamu juu ya meza yangu ya kazi. Akafungua daftari langu la biashara. Akaniuliza, "Mjomba, mbona kila penye saa umeandika T au Z?"

Wakazi wa Tunduma hawahitaji kuelezwa herufi hizo, lakini mazungumzo haya yanasikika mbali, kwa hiyo nitaeleza. Mji wetu na mji wa Nakonde, Zambia, umegawanywa na mpaka ambao mtu anauvuka kwa miguu. Wanyamwanga wako huku na wako kule, ndugu kwa ndugu. Lakini saa zinapishana. Tanzania inafuata saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya Greenwich. Zambia inafuata saa za Afrika ya Kati, ambazo ziko saa mbili mbele. Kwa hiyo hapa ikiwa saa nane mchana, ng'ambo ni saa saba.

Jua lenyewe halijui mpaka huo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja. Saa zetu za Tanzania zimepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko mbali kule baharini. Sisi Tunduma tuko karibu na nyuzi 33. Tofauti hiyo ya nyuzi 12 ni sawa na dakika kama 50. Ndiyo maana hapa kwetu jua la utosini halifiki saa sita. Hufika karibu na saa saba kasorobo au saa saba, likipishana kidogo kwa majira. Saa za Zambia zimepimwa kwa nyuzi 30, kwa hiyo ukitaka kusema kweli, jua la Tunduma linakubaliana zaidi na saa ya Nakonde kuliko na saa ya Tunduma. Lakini sheria ni sheria, na nchi haiwezi kuwa na saa moja Dar es Salaam na nyingine huku.

Juu ya hayo kuna lugha. Sisi Waswahili tunaanza kuhesabu saa kwa macheo, wenzetu wakitumia Kiingereza wanaanza usiku wa manane. Mtu wa Nakonde akikuambia kwa Kiingereza "saa ya nane" asubuhi, hiyo kwa Kiswahili ni saa mbili, na kwa kuwa ni ya kwake, kwetu ni saa tatu. Nane, mbili, tatu: zote ni dakika ile ile moja.

Mwaka 1997, wakati huo huku kwetu kukiwa bado Mkoa wa Mbeya, kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016, nilikuwa nafanya biashara ya mchele. Mtaji wangu ulitoka kwa mzee mmoja, Mwislamu, mtu wa heshima, aliyenikopesha bila karatasi. Asubuhi moja nilivuka kwenda Nakonde kukusanya fedha nilizokuwa nadai, ili jioni nimlipe. Nilikuwa kijana anayejivunia utaratibu. Nilipovuka tu, nikarudisha saa yangu ya mkononi nyuma kwa saa moja.

Fedha nilizipata. Nikiwa sokoni akaja kijana na baiskeli, akaniambia, "Mzee amefariki asubuhi. Wanazika saa nane." Nilitazama mkono wangu. Ilikuwa saa saba na dakika kumi. Nikaona nina muda. Nikafunga hesabu zangu, nikaagana na watu, nikavuka, na nilifika makaburini saa nane kasoro dakika tano kwa saa yangu. Nikakuta watu wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limekwisha kufunikwa.

Nilikuwa nimechelewa karibu saa nzima. Yule kijana alisema saa nane ya Tunduma, kwa sababu ndiko alikotoka na ndiko mazishi yalikokuwa. Mimi nikaisikia kwa saa ya mkononi mwangu. Hakuna aliyesema uongo.

Sikupata kutia konzi ya udongo kwenye kaburi la mtu aliyenipa mtaji wa kwanza. Na kulikuwa na zaidi ya hilo. Pale mazishini, kama ilivyo desturi, familia ilisimama ikauliza: aliyekuwa akidaiwa na marehemu, au akimdai, ajitokeze. Walionijua walitazama huku na huku, wasinione. Nililipa jioni ile ile, shilingi kwa shilingi, mbele ya watoto wake. Lakini maneno ya watu yalikwisha kutoka makaburini kabla yangu. Kwa miaka kadhaa sokoni palikuwa na walioniita yule aliyesubiri kaburi lifunikwe. Sikuweza kumweleza kila mmoja habari za nyuzi 45 na nyuzi 30.

Tangu siku hiyo naandika T na Z. T ni saa ya Tanzania, Z ni ya Zambia. Sikubali miadi isiyokuwa na herufi. Mtu akiniambia "tukutane saa nne," nauliza, "Saa nne ya wapi?" Wengine hunicheka. Nawaacha wacheke.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo mjomba, wewe ulikuwa pangoni, na wao walikuwa mjini." Nikamjibu kwamba ndivyo hasa. Tulikuwa makundi mawili, kila kundi lina hesabu sahihi, na hapakuwa na msimulizi wa kuzilinganisha.

Leo mambo mpakani yameendelea. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019, na maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Paa moja, saa mbili. Sisemi saa mbili ya asubuhi, nasema saa mbili zinazopishana. Simu za mkononi nazo zimeongeza utata, kwa maana simu ikishika mnara wa ng'ambo inaweza kujigeuza saa yenyewe bila kukuuliza, na mtu akalala na saa moja akaamka na nyingine. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita hapa hapa mjini kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Abiria yeyote wa treni inayovuka mpaka, akiambiwa saa ya kuondoka, anapaswa kuuliza ni saa ya nchi ipi, au atakuta reli tupu.

Basi, ndugu wasikilizaji, nina ushauri mdogo, kwa wachezaji na kwa wasiocheza. Andikeni muda pale pale unapopita, msingoje jioni. Uwekeni mahali ambapo kila mhusika anauona, iwe ni punje, kete au daftari, kwa sababu hesabu iliyo kichwani mwa mtu mmoja ni hesabu ya mtu huyo tu. Na kila mnapotaja saa, semeni ni ya nani.

Jumamosi hii vijana watarudi. Mguu wa mganga, kwa hesabu ya daftari, utakuwa na siku saba tangu alipookotwa, bado haujaunga. Mpwa wangu ameniomba niwe mhusika wa tano, mzee mwenye taa ya mafuta. Nimekubali, lakini nimemwambia nitaingia na punje zangu ishirini na nne, na nitazihesabu mwenyewe.

Hadi juma lijalo, siku na saa kama hii. Saa ya Tanzania.